Homoni yenyewe haijui kitu, kazi yote iko kwenye DNA

Kila mtu siku hizi ana lake la kusema kuhusu homoni. Mtu kanenepa, homoni. Hapati usingizi, homoni. Kakasirika bila sababu, homoni tena. Mi sibishi kwamba zinahusika, ila kinachonikera ni vile tunavyoziongelea, kana kwamba estrojeni au kotisoli ni amri inayozunguka kwenye damu, ikifika kwenye seli inatamka neno na seli inatii. Ukiingia ndani kuangalia kinachotokea unakuta hiyo homoni ni kamolekuli kadogo tu, kametokana na kolesteroli, hakajui jeni yoyote, DNA yenyewe hakaisomi, na hako hako kanaweza kuifanya seli ya ini itengeneze sukari na papo hapo kuifanya seli changa ya kinga ijiue. Kotisoli ile ile! Kinachoamua ni protini inayoipokea, yaani kipokezi, pamoja na sehemu za DNA ambazo hicho kipokezi kinazikuta ziko wazi. Nataka tuongee hilo leo, na itakuwa ndefu kidogo, jipangeni.

Kwanza tuelewane ni homoni zipi. Naongelea zile zinazopenya utando wa seli na kuingia ndani, yaani kotisoli, estrojeni, projesteroni, testosteroni, aldosteroni, halafu homoni ya thairoidi na vitamini D (ambayo watu wanaiweka kundi la vitamini ila kwa tabia zake ni homoni kabisa). Insulini na adrenalini hazimo humu, hizo zinaishia nje kwenye utando na zina vipokezi vya aina nyingine. Hizi za kwangu zinaingia ndani, zinakutana na kipokezi chake, na kipokezi ndo kinaenda kukaa juu ya DNA na kuwasha au kuzima jeni. Binadamu ana vipokezi 48 vya ukoo huu, na vingine viligunduliwa kabla hata homoni yake haijajulikana, vikaitwa yatima.

Miaka ya 1950 wengi walidhani estrojeni inafanya kazi kwa kujichanganya kwenye mabadiliko ya kemia ya seli, vimeng'enya vinaibadilisha na kuirudisha na humo humo ndo nguvu yake inatokea. Elwood Jensen, mkemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, akaja na swali la upande mwingine: badala ya kuuliza homoni inaifanya nini tishu, tishu inaifanya nini homoni? Yeye na Herbert Jacobson wakatengeneza estradioli (aina ya estrojeni) yenye tritiumu, hidrojeni yenye mionzi, ili waweze kufuatilia hata kiasi kidogo mno, wakawapa panya wachanga halafu wakaangalia inaenda wapi. Sehemu nyingi za mwili iliingia ikapita zake, lakini kizazi kikaishikilia kwa masaa, na walipoitoa na kuipima ilikuwa estradioli ile ile, haijabadilishwa chochote. Sasa kama haikubadilishwa na bado kizazi kinakua, ina maana kuna kitu mle ndani kinaishika na hicho kitu ndo kinafanya kazi. Mi naona hilo ni moja ya majaribio safi kuliko yote kwenye baiolojia, kwa sababu jibu halihitaji falsafa, mionzi imebaki kwenye kizazi, basi.

Na mwaka 1960 Ulrich Clever na Peter Karlson wakaonyesha upande wa pili. Walichukua mabuu ya kijidudu kinaitwa Chironomus, ambacho kwenye tezi za mate kina kromosomu nene kiasi kwamba unaziona kwa hadubini ya kawaida, wakawachoma homoni ya ekdisoni ambayo ndo inawafanya wadudu wajivue gamba, na muda si mrefu sehemu maalumu za kromosomu zikaanza kuvimba, na uvimbe huo ndo alama ya jeni kusomwa. Homoni imeingia, jeni zimeamka, unaangalia kwa macho yako. Kilichokosekana ni mtu wa katikati.

Mtu wa katikati alipatikana vizuri kuanzia 1985, maabara ya Ronald Evans ilipopata jeni ya kipokezi cha glukokotikoidi (hicho ndo cha kotisoli), halafu kundi la Pierre Chambon na wengine wakaleta cha estrojeni, na 1986 kikafuata cha homoni ya thairoidi. Jensen, Evans na Chambon walipewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, pamoja mwaka 2004. Ila cha kusisimua zaidi kilikuwa kwenye mpangilio wenyewe, kwamba ukiviweka hivi vipokezi sambamba, cha homoni hii na cha homoni ile, kuna kipande cha katikati kinachofanana karibu kila mahali. Kifupi tu, asidi amino (vijenzi vya protini) kama 66 hadi 70 hivi kwenye protini yenye mamia (cha glukokotikoidi kina 777). Hicho kipande ndo kinachoshika DNA.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kipande hicho kina sisteini (aina mojawapo ya asidi amino) nane zilizokaa kwa mpangilio usiobadilika, nne zinashika ayoni moja ya zinki na nne nyingine zinashika ya pili, na kwa kushika hivyo protini inajikunja na kuwa na umbo imara. Vinaitwa vidole vya zinki. Zinki yenyewe haigusi DNA, inashikilia umbo tu, ukiitoa protini inalegea na haishiki kitu. Kutoka kidole cha kwanza kinatokea kipande kilichojisokota ambacho kinaingia kwenye mfereji mkubwa wa DNA na kusoma herufi zilizopo (yaani vijenzi vinne vya DNA, A, C, G na T) kwa kugusana nazo moja kwa moja, bila kuzifungua zile nyuzi mbili. Kidole cha pili kina kazi nyingine, kinashikana na kipokezi mwenzake, kwa sababu vipokezi vya steroidi (homoni zinazotokana na kolesteroli, kama kotisoli na estrojeni) havikai peke yake juu ya DNA, vinakaa viwili viwili.

Ndo maana eneo wanalolishika nalo lina nusu mbili zinazotazamana. Kipokezi cha glukokotikoidi kinatafuta AGAACA, halafu herufi tatu zozote zile, halafu TGTTCT, ambayo ni ile nusu ya kwanza ukiisoma kwenye uzi wa pili. Cha estrojeni kinatafuta AGGTCA, herufi tatu zozote, TGACCT. Angalia hizo nusu mbili tena, AGAACA na AGGTCA, tofauti ni herufi mbili za katikati. Mbili! Na upande wa protini tofauti ni asidi amino tatu kwenye kidole cha kwanza, na mwaka 1989 watafiti wakazibadilisha, wakachukua kipokezi cha estrojeni wakakiwekea zile tatu za glukokotikoidi, kikaacha kwenda kwenye jeni za estrojeni kikaanza kuwasha za glukokotikoidi. Mtu mwenye hicho kipokezi angemeza estrojeni halafu seli zake zinajibu kama kameza kotisoli. Hapo ndo unaona homoni haina usemi wowote kuhusu jeni ipi iwashwe.

Mwaka 1991 Ben Luisi, Paul Sigler, Keith Yamamoto na wenzao wakatoa picha ya kwanza ya fuwele inayoonyesha kipande hiki cha kipokezi cha glukokotikoidi kikiwa juu ya DNA. Na kuna jambo tamu sana humo. Kwenye DNA moja waliyotumia, katikati ya zile nusu mbili kulikuwa na herufi nne badala ya tatu. Ungedhani vipokezi viwili vitajisogeza kidogo kila kimoja kikae sawasawa kwenye nusu yake. Wapi. Vile viwili vilishikana vyenyewe kwa umbali ule ule wa herufi tatu, kimoja kikakaa vizuri kwenye nusu yake na mwenzake akabaki ameegemea DNA pasipo pake, hasomi herufi sahihi. Yaani kushikana wao kwa wao kuna nguvu kiasi kwamba mmoja anakubali kukaa vibaya kuliko waachane.

Ukoo wa thairoidi na vitamini D wao wana utaratibu wao. Wanaoana na kipokezi kingine kinachoitwa RXR, na nusu zao hazitazamani, zinafuatana zikielekea upande mmoja, AGGTCA halafu AGGTCA tena. Sasa kama wote wanasoma AGGTCA wanatofautianaje? Kwa nafasi ya katikati. Herufi tatu katikati ni vitamini D, nne ni thairoidi, tano ni asidi ya retinoiki (inayotokana na vitamini A). Kuna vighairi, lakini kanuni kwa ujumla inashika, na mi kila nikiikumbuka nacheka maana ni utaratibu mwepesi kupita kiasi.

Ila twende kwenye hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndo maelezo mengi ya kawaida yanapoanza kupwaya. Jenomu yetu, yaani seti nzima ya DNA, ina herufi kama bilioni 3. Nusu moja ya herufi sita inatokea kwa bahati mara moja kila herufi 4,096, kwa hiyo ukihesabu nyuzi zote mbili una nusu kama milioni moja na nusu zimetapakaa kila mahali bila maana yoyote. Eneo kamili lenye nusu mbili, herufi kumi na mbili sahihi, kwa bahati lingetokea mara chini ya mia mbili tu kwenye jenomu nzima. Sasa wanasayansi walipoanza kupima kwenye seli hai ni wapi hasa vipokezi vinakaa, walikuta maelfu mpaka makumi ya maelfu ya sehemu. Ina maana sehemu nyingi ambazo kipokezi kinakaa siyo zile kamili za kwenye vitabu, zimekosewa herufi moja mbili tatu, na bado kinakaa. Na papo hapo kuna maeneo mazuri tu ambayo kipokezi kinayapita bila kuyagusa. Kwanini?

Kwa sababu DNA haijalala wazi. Ndani ya kila kiini cha seli kuna DNA ya kama mita mbili, na kiini chenyewe upana wake ni maikromita chache tu, kwa hiyo imezungushwa kwenye protini za histoni, herufi kama 147 kwa kila nyukleosomu (kifungu kimoja cha DNA na histoni zake), na sehemu kubwa imefungwa hata kipokezi kikitaka hakifiki. Kila aina ya seli imefungua sehemu zake. Kuna protini za kutangulia, kwa mfano FOXA1 kwenye seli za titi, ambayo inaweza kuingia kwenye DNA iliyofungwa na kuifungulia njia, halafu kipokezi cha estrojeni kinakuja kukaa pale pale palipofunguliwa. Na kwa kipokezi cha glukokotikoidi ilionekana kwamba sehemu kubwa kinakokwenda zilikuwa zimeshafunguka tayari kabla homoni haijaingia. Hapo ndo jibu la ini na seli ya kinga linapopatikana, kotisoli moja, kipokezi kimoja, DNA moja, lakini milango iliyo wazi ni tofauti. Mtu akikwambia homoni flani "inafanya" jambo flani, muulize kwenye seli gani.

Jambo lingine, sehemu nyingi zinazoshikwa haziko kando ya jeni. Ziko mbali, herufi maelfu kwa maelfu, wakati mwingine katikati ya jeni nyingine kabisa, na DNA inajikunja mpaka sehemu hiyo ya mbali inagusana na mwanzo wa jeni inayotakiwa. Kwa hiyo ukiona kipokezi kimekaa mahali, usikimbilie kusema kinawasha jeni iliyo jirani.

Halafu ile picha ya vitabuni ya ufunguo na kufuli, homoni inaingia kwenye kipokezi, kipokezi kinaingia kwenye DNA, klik, jeni imewaka. Mi hiyo picha nimeichoka kabisa. Mwaka 2000 James McNally, Gordon Hager na wenzao walitumia seli ya panya yenye nakala kama 200 za eneo moja zimepangwa pamoja, wakakipa kipokezi cha glukokotikoidi rangi ya kijani inayong'aa, ikaonekana doa moja la kijani kwenye kiini, vipokezi vimejaa pale. Wakalipiga lile doa kwa leza mpaka rangi ikafa. Kama vipokezi vimekaa vimetulia, doa lingebaki jeusi. Likarudi kijani kwa sekunde. Homoni ipo tele, jeni inasomwa, na bado vipokezi vinakuja na kuondoka, vinakuja na kuondoka, kila kimoja sekunde chache tu. Hakuna klik. Kuna msongamano wa kupishana, na jeni inawaka kwa sababu kwa wastani kuna anayepita. Na hii ina maana kubwa kwa kotisoli hasa, maana tezi haiimwagi kwa mfululizo, inaitoa kwa mawimbi ya karibu kila saa moja, na kwa kuwa kipokezi hakigandi kwenye DNA basi jeni nyingine nazo zinapanda na kushuka kufuata hayo mawimbi. Kipimo cha damu cha asubuhi moja hakiwezi kukuonyesha hilo.

Sasa kikishafika kwenye DNA kinafanya nini? Peke yake, karibu hakuna. Kinaita wengine. Kipokezi kikishika homoni inayokiwasha, kipande cha mwisho kinachoitwa heliksi ya 12 kinajifunga juu ya homoni, na kwa kujifunga huko panatokea kishimo ambacho protini saidizi zinaweza kujishika, na hizo ndo zinaleta vimeng'enya vya kulegeza histoni na mitambo ya kusoma jeni. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, inaingia kwenye nafasi ile ile ya estrojeni lakini ina mkia unaoisukuma heliksi ya 12 isikae inavyotakiwa, ikaenda kuziba kile kishimo chenyewe. Kipokezi kinaenda kwenye DNA kama kawaida, kinakaa, ila hakiwezi kumwita msaidizi. Hiyo ni kwenye titi. Kwenye ukuta wa kizazi dawa hiyo hiyo inaweza kuchochea, kwa sababu wasaidizi waliopo kule ni wengine, na ndo maana wanaoitumia muda mrefu madaktari huwaangalia kizazi.

Na kuna kipokezi ambacho hakisubiri homoni ndo kiende kwenye DNA. Cha thairoidi kiko pale muda wote, na homoni isipokuwepo kinaita protini za kukandamiza, jeni inazimwa kabisa. Homoni ikija inawafukuza wakandamizaji na kuwaleta wasaidizi. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi moja ambayo inaniumiza kichwa mpaka leo: panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza homoni ya thairoidi hufa mapema, lakini ukiwaondolea na kipokezi chenyewe cha aina ya alfa, wanaishi. Soma tena. Kukosa homoni ni kubaya zaidi kuliko kukosa homoni na kipokezi kwa pamoja, kwa sababu kilichokuwa kinawaua siyo ukosefu wa homoni wenyewe, ni kipokezi kitupu kilichokaa kwenye DNA kinazima jeni.

Upande wa binadamu ushahidi upo na unasikitisha. Kuna watoto wanaozaliwa na mifupa laini, matege makali, wengine nywele zinanyonyoka zote, na ukiwapima vitamini D iliyo hai iko juu sana, siyo chini. Mwaka 1988 familia mbili zilichunguzwa na kila moja ikakutwa na kosa la herufi moja lililobadilisha asidi amino moja kwenye vidole vya zinki vya kipokezi. Kipokezi kilishika vitamini D vizuri tu. DNA ndo hakikuweza kuishika. Unaweza kummiminia mtoto huyo vitamini D utakavyo na bado seli zake haziioni, wengine inabidi wapewe kalsiamu moja kwa moja kwenye mshipa ili mifupa ikomae. Na mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanaume wa miaka 28, urefu sentimita 204, ambaye bado alikuwa anarefuka kwa sababu ncha za mifupa yake hazikuwahi kufunga. Estrojeni kwenye damu yake ilikuwa juu, na walipompa nyingine kwa wingi hakuna kilichobadilika. Jeni yake ya kipokezi ilikuwa na alama ya kusimama mapema, protini inakatika kabla hata haijafika kwenye vidole vya zinki. Humo humo dunia ikajifunza kwamba hata mwanaume anahitaji estrojeni ili mifupa ifunge, jambo ambalo kabla ya hapo wengi hawakulitilia maanani.

Nimalizie na deksamethasoni, kwa sababu 2020 kila mtu aliisikia, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulipoonyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Ni kotisoli ya maabara, inashika kipokezi kile kile. Na kwa miaka mingi kulikuwa na wazo zuri sana: kipokezi hiki kinatuliza uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili hasa kwa kuzibana protini nyingine zinazouchochea, kama NF-kB, bila chenyewe kushika DNA wawili wawili, wakati madhara ya sukari kupanda na misuli kuisha yanatokana na kushika DNA, kwa hiyo tukipata dawa inayofanya la kwanza tu tumemaliza kazi. Mwaka 1998 maabara ya Günther Schütz ya Heidelberg ikatengeneza panya ambao kipokezi chao kina kosa moja pale pale kinaposhikana na mwenzake. Panya wasio na kipokezi kabisa hufa wakizaliwa, mapafu hayajakomaa, lakini hawa waliishi, na baadhi ya uvimbe bado ulidhibitiwa. Watu wakafurahi, makampuni yakaanza kutafuta hiyo dawa.

Ila baadaye hao panya walipopewa vichochezi vikali vya uvimbe walizidiwa kuliko wenzao wa kawaida, kwa sababu kumbe baadhi ya jeni zinazotuliza uvimbe, DUSP1 kwa mfano, zinawashwa na kipokezi hicho kikiwa kimeshika DNA na mwenzake. Upande mzuri na upande mbaya vyote vinapita kwenye vidole vile vile. Na Yamamoto na wenzake mwaka 2009 walishaonyesha kwamba hata kubadilisha herufi moja kwenye eneo la DNA kunabadilisha umbo la kipokezi kilichokaa juu yake na nguvu yake ya kuwasha jeni, kwa hiyo DNA nayo inakipinda kipokezi kwa namna yake, kila eneo kivyake. Dawa moja inayochagua kati ya maelfu ya maeneo ya namna hiyo ni kazi ngumu, na deksamethasoni inayoandikwa leo bado inafanya yote mawili.